Jibu: Murder on the Orient Express, ya 1974 au ya 2017?

Mkuu, umeuliza kati ya filamu hizi mbili za mauaji ndani ya treni uanze na ipi, na kama kuna raha yoyote wakati kitabu cha Agatha Christie umeshakisoma na muuaji unamjua. Anza na ya 1974 ya Sidney Lumet. Utamu wake uko kwenye mahojiano: mpelelezi Poirot anawakalisha abiria mmoja mmoja, nawe unatazama kila mtu anavyodanganya. Ingrid Bergman anahojiwa mara moja tu, kamera haibanduki usoni pake, na Oscar akabeba. Albert Finney, anayecheza Poirot, anapayuka mno, wanaochoshwa naye siwalaumu.

Ya 2017 inapendeza macho: theluji, milima, na masharubu ya Kenneth Branagh, Poirot wa safari hii, ambayo yalistahili kukatiwa tiketi yao. Ila wanaolalamika kwamba abiria wengine hawapewi nafasi wana hoja. Halafu kuna kukimbizana darajani, jambo ambalo kitabuni halimo kabisa. Poirot huyu huyu akimbize mtu? Hapana bwana. Kwa wageni ambao hawajasoma kitabu, weka hiyo, inakwenda haraka.

Ile ya televisheni ya 2010, Poirot akiwa David Suchet, iache mwisho. Ni nzito, Poirot anagombana na imani yake mwenyewe.