Usilipe monita kabla hujaiona ikiwaka na king'amuzi chako

Mkuu, hiyo hela usiitume. Umeuliza kuhusu monita moja ya kufanyia kazi za kompyuta na kuangalizia mpira kwa king'amuzi, na umesema muuzaji wa mtumba Kariakoo amekutumia picha ya monita ya inchi 24, nyuma ina matundu ya VGA, DVI na DisplayPort, na kwamba kukosa HDMI, tundu ambalo king'amuzi kinatolea picha, isikusumbue, atakupa na waya wa kubadilishia. Mimi niliambiwa hivyo hivyo, kwa monita ya aina hiyo hiyo, na nilipigwa.

Huo waya naujua. Upande mmoja DisplayPort, upande wa pili HDMI, unaingia vizuri kabisa kila mahali. Ukichomeka king'amuzi huku na monita kule, giza. Taa ya monita inawaka bluu kidogo, inageuka njano, inalala. Niliurudisha nikidhani ni mbovu, nikapewa mwingine mpya, yale yale. Hakuna mtu pale dukani aliyetamka kwamba waya ule una njia moja. Umetengenezwa kutoa picha kwenye kompyuta yenye DisplayPort kwenda kwenye TV yenye HDMI, ukiugeuza haupitishi kitu. Wewe unataka kinyume chake, kutoka HDMI ya king'amuzi kwenda DisplayPort ya monita, na hapo kinatakiwa kigeuzi chenye saketi yake ndani, kinachokula umeme wa USB. Bei yake siyo ya waya.

Niliporudi tena muuzaji akasema basi tumia VGA, akaniuzia kidude cha HDMI kwenda VGA. Menyu ya king'amuzi ikaonekana, nikafurahi. Nikafungua chaneli ya mpira, giza tena. Sababu inaitwa HDCP. Ni kinga ya kuzuia watu wasinakili matangazo: king'amuzi kinakiuliza kioo kama kinaijua kinga hiyo, kisipojibiwa kinafunga picha. VGA ni analojia, haina njia ya kujibu. Kuna vidude vinavyopenya, lakini huwezi kujua kipi mpaka umekijaribu na king'amuzi chako. Na hata kikipenya, VGA haibebi sauti. Katika matundu matatu ya hiyo monita yako, lenye nafuu ni DVI, maana waya wa kawaida wa HDMI kwenda DVI unaleta picha kama monita inaijua HDCP. Sauti bado utaitafutia pa kutokea.

Kinachoniuma ni kwamba muuzaji anajua. Anajua hizo ni monita za maofisini, zimekuja kwa mafungu, zilikuwa zimefungwa kwenye kompyuta za mezani na hazikuwahi kuona king'amuzi. Na dukani kwake king'amuzi kipo, kiko chini ya TV ya ukutani anayoangalia mwenyewe siku nzima. Angechomeka dakika moja mteja aone kwa macho yake. Hachomeki, anakufungia kwenye boksi na kukuambia "ikisumbua nipigie". Simu hiyo hapokei.

Kwa hiyo fanya hivi. Weka king'amuzi chako kwenye begi, na rimoti yake, na waya wako wa HDMI. Nenda dukani. Tafuta monita yenye tundu la HDMI lake yenyewe, hakuna cha kidude wala adapta. Waombe waya wa dishi unaoingia kwenye king'amuzi chao, uchomeke kwenye chako, ufungue chaneli unayoilipia kabisa. Menyu peke yake isikudanganye. Kama cha kwako ni cha antena, omba waya wa antena. Picha ikikaa, lipa.

Kabla hujatoka nyumbani, kipeleke king'amuzi kwa jirani mwenye TV, uingie kwenye mipangilio ukiweke kitoe picha ya 720p. Ving'amuzi vingi vinatoa 1080i, yaani picha inayoletwa nusu nusu, mstari mmoja ukirukwa, na monita nyingine za kompyuta hazipokei hiyo 1080i kabisa. Ukishakwama na kioo cheusi, menyu ya kubadilishia nayo huioni.

Sauti: spika za ndani ya monita, kama zipo, ni za kusikilizia mlio wa meseji. Chukua sabufa. Ving'amuzi vingi vinaendelea kutoa sauti kwenye matundu ya AV, lile jekundu na jeupe, hata picha ikipita kwenye HDMI. Toa hapo, peleka kwenye sabufa, umemaliza. Au tumia tundu la hedifoni la monita, ila hakikisha lipo.

Aliyekutisha kwenye maoni hapo juu kuwa monita haina tyuna, kile kifaa cha ndani ya TV cha kunasa matangazo ya antena, usimsikilize sana. Matangazo ya analojia Dar yalizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na wewe mwenyewe umesema unalipia king'amuzi. Tyuna ya nini? Na aliyekushauri uchukue TV ya inchi 32 badala yake, akwambie ina pikseli ngapi. Za bei rahisi nyingi ni 1366 kwa 768, na wewe unashinda kwenye Excel kutwa, herufi zitakuwa na ukungu. Ikiwa 1920 kwa 1080, hapo tunaongea.

Umeuliza pia kuhusu 144 Hz, yaani kioo kinachobadilisha picha mara 144 kwa sekunde. Kwa mpira haikuongezei kitu, matangazo yenyewe yanakuja kwa 50. Hiyo hela iongeze kwenye IPS, aina ya kioo kisichobadilika rangi ukikitazama kwa pembeni, kwa sababu utaangalia ukiwa kitandani, na kioo cha aina ya TN ukikitazama kutoka chini kinakuwa cheusi, jezi hutazitofautisha.

Nenda asubuhi duka likiwa halina watu, hawatakuwa na sababu ya kukuambia wako bize. Wakikataa kuchomeka, vuka barabara, uliza duka jingine.