Umeambiwa una vivimbe na hutazaa?

Mdogo wangu wa Mbagala, umesema una miaka 22, huu ni mwezi wa nne mfululizo hujaona hedhi, vinywele vinaota kidevuni, na aliyekupima utrasaundi kakwambia una vivimbe kwenye ovari (viungo vya kutengeneza mayai), hutazaa. Hapo kwenye "hutazaa" kakosea. Wengi wenye tatizo hili, madaktari huliita PCOS, huzaa, baadhi kwa msaada wa dawa. Na vile si vivimbe vya kukatwa, ni vijifuko vya mayai yaliyoishia njiani bila kupevuka. Picha peke yake haitoshi. Wasichana wengi wazima huonekana hivyohivyo. Kwako kinachonishtua ni hedhi kupotea pamoja na hivyo vinywele. Hebu jiangalie shingo kwa nyuma: kama kuna weusi usiotoka hata ukisugua na dodoki, mara nyingi ni insulini haifanyi kazi sawasawa, siyo uchafu.

Anza na kipimo cha mimba (usinune, ndio utaratibu), kisha daktari wa wanawake akupime homoni, tezi ya shingo na sukari. Usiache miezi ipite hivihivi, maana ukuta wa kizazi unaendelea kujijenga bila kutoka kama hedhi, na ukinenepa mno si salama. Vipo vidonge vya kurudisha hedhi. Kama uzito umezidi, mwenye kilo 80 akipunguza hata 4 au 5 mzunguko unaweza kurudi. Chipsi mayai na soda kila jioni, hapo unajijua mwenyewe.

Zile chupa za "kusafisha kizazi" za Kariakoo achana nazo. Na kama una mwenzio, tumieni kinga: yai linaweza kupevuka bila kukupa taarifa.