Uliza Mwalimu: Nani aliongeza mwisho wa Marko?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, nina miaka 27, nafanya kazi Njombe. Usiku mmoja tukiwa zamu, mwenzangu ambaye ni Mwislamu aliniomba nimsomee habari za kufufuka kwa Yesu. Nikafungua Marko 16 kwenye simu. Baada ya mstari wa 8 nikakuta mabano, na chini pameandikwa kwamba nakala za kale zaidi hazina mstari wa 9 hadi wa 20. Akaniuliza, tena kwa upole, "Sasa haya nani aliongeza?" Sikuwa na jibu. Nilipofika nyumbani nikafungua Biblia ya marehemu baba. Mistari ile ile ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu, hasa ule wa 18. Mwalimu, Biblia yetu imechezewa? Naweza kuiamini? — Binti wa Njombe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako kauliza swali la haki, nalo halitaki kuzungushwa. Ndiyo, mistari ile iliongezwa. Marko hakuiandika, na jina la aliyeiandika halikuhifadhiwa. Iliongezwa mapema sana, maana Irenayo, askofu wa Lyon, anaunukuu mstari wa 19 karibu mwaka 180.

Ila nataka ujue tumejuaje kwamba iliongezwa, kwa kuwa hapo ndipo imani yangu katika kitabu hiki iliposimama.

Nimeongoza kwaya ya usharika huku Usambara tangu 1988, nilipoachiwa na mwalimu wangu. Alifariki ghafla, na daftari lake la nyimbo halikuonekana tena. Tulitaka kumwimbia siku ya arobaini wimbo alioutunga mwenyewe, wa Yona. Nikawaomba waimbaji walete madaftari yao, nikapata 19, nikayatandaza juu ya meza ya sakristia na taa ya chemli pembeni. Ubeti wa tatu ukatushinda. Madaftari 15 yalisema, "Bahari ikatulia, watu wakaimba sana." Manne yalisema, "watu wakaogopa sana."

Kwa kura, "wakaimba" imeshinda. Lakini nilipoulizia nani alinakili kwa nani, ikaonekana kwamba yale 15 yote yalitoka kwenye daftari la binti mmoja wa sauti ya kwanza, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Kumbe ni shahidi mmoja mwenye wanafunzi 14. Yale manne hayakuhusiana. Mawili yalikuwa ya wazee wa besi waliokaa vijiji tofauti, la tatu la mama aliyehamia Korogwe kabla binti yule hajajiunga nasi, na la nne, limelowa mafuta ya taa hata kurasa zimekuwa za njano, lilinakiliwa ubaoni wiki ile ile wimbo ulipofundishwa. Kisha jiulize: mtu ataacha "wakaimba" aandike "wakaogopa" kwa sababu gani? Kinyume chake ni rahisi. Binti aliona wimbo unaisha kwa hofu, akaupa furaha. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Sasa turudi kwa Marko. Biblia mbili za Kigiriki za karne ya 4, moja katika maktaba ya Vatikani, nyingine iliyotunzwa katika monasteri ya Mtakatifu Katarina chini ya mlima Sinai, zote zinaishia mstari wa 8: wanawake wanakimbia kutoka kaburini wala hawamwambii mtu neno, "maana waliogopa." Ile ya Sinai sehemu kubwa iko London, na picha zake zimewekwa wazi kwenye intaneti tangu 2009. Mjukuu wangu alinifungulia ukurasa wenyewe. Safu nne za herufi kubwa zimebanana, hakuna nafasi kati ya neno na neno. Marko anaishia kabla safu haijajaa, mnakili amechora pambo dogo, ameandika chini yake "Injili kwa Marko", na nafasi iliyobaki ameiacha tupu. Luka anaanza juu ya safu inayofuata. Niliitazama ile nafasi tupu kwa muda mrefu.

Mtu wa karne ya 2 aliona hofu haifai kufunga Injili, akaipa mwisho kwa habari zinazofanana na zile za Luka na Yohana. Tumemgundua kwa njia ile ile niliyomgundua binti wa sauti ya kwanza, kwa kuwa madaftari yalikuwa mengi na katika mikono mingi. Hati za Agano Jipya kwa Kigiriki zilizobaki ni zaidi ya 5,000, nzima na vipande. Zinatofautiana mahali pengi, mara nyingi katika tahajia au mpangilio wa maneno, na hizo tofauti ndizo zinazotuonyesha nani alinakili kwa nani. Kungekuwa na daftari moja tu, tungeimba "wakaimba" mpaka leo bila kushtuka.

Mengine ya namna hiyo ni machache, na heri uyajue mapema kuliko kuyasikia kwenye mhadhara. Habari ya mwanamke aliyeshikwa katika uzinzi, Yohana 7:53 hadi 8:11, haimo katika hati za kale zaidi. Maneno ya 1 Yohana 5:7 kuhusu Baba, Neno na Roho Mtakatifu mbinguni yaliingia kutoka Kilatini. Erasmo, msomi aliyechapa Agano Jipya kwa Kigiriki, hakuyaweka mwaka 1516, akalaumiwa vikali, akayaweka mwaka 1522 alipoonyeshwa hati moja ya Kigiriki inayoyabeba. Mimi nayaacha nje ninapofundisha Utatu, na fundisho halipungui.

Umeuliza pia kama uiamini. Kupata maneno yaliyoandikwa ni jambo moja, na kwamba waliyoyaandika ni kweli ni jambo lingine. Kufufuka kwa Yesu hakutegemei mistari ile 12. Paulo, katika miaka ya 50, anawakumbusha Wakorintho jambo ambalo yeye mwenyewe alilipokea kwa wengine: Yesu alitokea kwa Kefa, yaani Petro, kwa wale kumi na wawili, kisha kwa ndugu zaidi ya 500, na anasema wengi wao wangali hai. Anayewaandikia watu hivyo anawaacha wazi waende wakaulize. Hilo kwangu lina uzito mkubwa.

Sitakuficha kwamba yapo yanayonisumbua. Luka 2 inataja orodha ya watu Kirenio alipokuwa liwali wa Shamu, yaani Siria. Mwanahistoria Yosefo anaiweka orodha ya Kirenio mwaka 6 baada ya Kristo, na Herode, ambaye Mathayo anasema Yesu alizaliwa katika siku zake, alikufa mwaka 4 kabla ya Kristo. Nimesoma majibu mengi ya kulipatanisha hilo na hakuna hata moja lililoniridhisha. Luka yule yule ndiye anayesema mwanzoni amejitafutia usahihi wa mambo hayo yote, na mahali pengi naona alifanya hivyo. Hapa nimeacha alama ya kuuliza pambizoni, na bado namsoma kila Krismasi.

Kuhusu kalamu nyekundu ya baba yako. Mstari wa 18 unasema wakinywa kitu cha kufisha hakitawadhuru, na wataweka mikono juu ya wagonjwa nao watapata afya. Kuombea wagonjwa kumo katika Yakobo 5:14, hakuna mabano hapo, kwa hiyo baba hakuomba bure. Ila wewe ni muuguzi, umeshawaona walioambiwa waache vidonge kwa mstari huu. Akikujia mtu kitandani na maneno hayo, una haki ya kumwambia Marko hakuyaandika. Mwambie kwa heshima, na vidonge ameze.

Na mwenzako wa zamu mjibu alivyouliza: aliongeza Mkristo wa zamani, na Wakristo wenyewe ndio walioweka mabano.

Siku ya arobaini tuliimba "wakaogopa." Daftari langu lilikuwa moja ya yale 15. Nilikata neno "wakaimba" kwa mstari mmoja mwembamba, ili atakayelifungua baada yangu aweze kulisoma chini ya wino.