Jibu: Nimchague msimamizi yupi wa masta ya kemia?

Dadangu, umesema umemaliza shahada ya kwanza ya kemia, unataka kuanza masta hapa Mombasa, na mkononi una orodha ya wahadhiri wa idara: kila mmoja na anachotafiti, na masomo anayofundisha. Unapenda maji na metali nzito, lakini majina ya tafiti zote yanakuvutia na hujui uanzie wapi.

Mimi nimefanya kazi katika maabara ya kemia ya chuo huku Pwani miaka mingi, kwanza nikiwa fundi sanifu, kisha nikasoma masta humohumo kazini. Wanafunzi wengi wamepita mikononi mwangu na mapendekezo ya utafiti yaliyoandikwa vizuri sana. Aliyemaliza kwa wakati mara nyingi ni yule aliyeuliza mapema swali hili: kipimo hiki kitafanywa na mashine gani, na je, mashine hiyo inafanya kazi leo?

Nikueleze kwa mfano wa madini ya risasi, maana najua ndiko moyo wako uliko. Kila kijana wa Mombasa anayeingia kwenye metali nzito hutaja Owino Uhuru, ule mtaa wa karibu na Mikindani uliochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Ni jambo zito na linastahili watafiti wa hapa hapa. Sasa tazama kemia yake. Shirika la Afya Duniani linataka risasi kwenye maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Idara nyingi zina AAS ya moto, mashine ya kupima metali kwa mwanga, ile inayotumia gesi ya asetilini, na mashine hiyo haiwezi kusoma kiwango kidogo hivyo kwa uhakika. Mwanafunzi atazunguka na chupa zake visimani kutoka Kisauni hadi Likoni, atarudi, na kila chupa itaandikwa "haikuonekana". Ukiyaandika hayo kwenye tasnifu kama ushahidi kwamba maji ni salama, umewadanganya watu wanaoyanywa. Hapo panahitajika AAS ya tanuri la grafiti, inayosoma viwango vidogo zaidi, nalo linataka gesi ya argoni, na argoni inataka bajeti. Muulize mhadhiri waziwazi nani hulipia gesi.

Na usidhani maji ya bahari ni rahisi zaidi kwa kuwa tumezungukwa nayo. Chumvi inasumbua. Ndani ya tanuri, kloridi huibeba risasi ikapaa kama mvuke kabla mashine haijaisoma, na unapata jibu la chini kuliko ukweli. Kuna dawa za kuongeza ili kuizuia, lakini ni kazi ya mtu aliyezoea.

Tope la mikoko ni habari nyingine. Metali hung'ang'ania kwenye tope laini, hivyo unahesabu kwa miligramu katika kilo, na hata AAS ya moto inaona. Unalikausha tope, unalichekecha, unaliyeyusha kwa asidi kali ndani ya kabati la kuvuta mvuke, kisha unapima. Msimamizi atakayekwambia upime pia sampuli rejea, yenye kiwango kinachojulikana, kabla hajaamini namba yako hata moja, huyo mshike.

Upande wa pili wa orodha, masomo anayofundisha, watu huuruka. Mimi huusoma kwanza. Anayefundisha kemia ya uchanganuzi mwaka wa kwanza na wa pili yumo maabarani kila wiki. Anajua burete gani, ule mrija wenye vipimo wa kudondoshea kemikali, inavuja na nitrati ya fedha imebaki kiasi gani. Nilifanya kazi na mhadhiri mmoja aliyewaambia wanafunzi waje na maji ya kisima cha nyumbani kwao. Wakaweka matone ya kromati, kemikali ya kuonyesha mwisho kwa rangi, wakashusha nitrati ya fedha kutoka kwenye burete hadi rangi ya manjano ikaanza kugeuka wekundu wa kahawia, wakapiga hesabu ya kloridi. Ladha ya chumvi huanza kusikika karibu miligramu 250 kwa lita. Maji ya bahari yana kama 19,000. Mtoto wa mtaa wa ufuoni na mtoto wa bara ya juu wakaweka namba zao mezani pamoja, na mjadala wa bahari kuingia kwenye visima ukaanza wenyewe. Hakuna aliyesinzia siku hiyo. Katika somo lile lile zilitoka mada za utafiti, na hiyo ndiyo alama ninayoitafuta: utafiti wa mtu na ufundishaji wake vinalishana.

Kemia ya dawa za mimea inavutia, hasa kwetu wenye mwarobaini kila ua. Lakini kumbuka azadirakitini, kile kiini cha mwarobaini kinachowafanya nzige wasile jani: ilitengwa Uingereza mwaka 1968, umbo lake likathibitishwa katika miaka ya 1980, na kuiunda kutoka mwanzo kukawezekana mwaka 2007. Eneo hili linataka NMR, mashine ya kutambua umbo la molekuli, yenye sumaku inayopozwa kwa heliamu ya kimiminika. Kama idara haina, uliza sampuli zinapelekwa wapi na majibu huchukua muda gani kurudi. Kwa masta ya miaka miwili, omba kipande kidogo tu.

Kemia ya kompyuta haihitaji asidi wala gesi. Kama unapenda hesabu, usiidharau.

Ningekuwa na nafasi ya kuanza upya, ningeutazama mwani. Kina mama wa Kibuyuni huko Kwale wanaulima, na aina mbili zinazolimwa zina karajinani, ile dutu ya mwani inayogandisha, za aina tofauti: moja huganda ngumu ikikutana na potasiamu, nyingine huganda laini na kalsiamu. Kuitoa na kuipima kunawezekana kwa vifaa vya kawaida, na wakulima wangefaidika kujua ubora wa mazao yao kabla mnunuzi hajawatajia bei.

Kwa hali yako, dadangu, ningemwandikia anayefundisha uchanganuzi na kutafiti tope au maji ya hori la Tudor hapa Mombasa, hata kama mada yake imeandikwa kwa maneno ya kawaida kuliko ya wenzake. Barua iwe fupi. Mwambie unataka kupima nini, wapi, kwa mashine ipi, na umwombe uingie maabarani siku moja ya vitendo vya wanafunzi wake kabla ya kusaini chochote. Akikubali, nenda mapema, ukaongee na fundi wa maabara kwanza.