Umeteuliwa kuwa mfawidhi? Anzia mlangoni

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja, muuguzi mkunga niliyemsimamia alipokuwa mwanafunzi wa vitendo, alinipigia simu usiku. Ameteuliwa kuwa mfawidhi, yaani msimamizi mkuu, wa zahanati. "Dada, wahudumu wawili wamenizidi umri, mwenyekiti wa kamati ya zahanati ni mzee wa heshima zake. Nianzie wapi?" Tuliongea hadi salio likaisha. Nayaandika hapa kwa sababu wasichana wengi wa kada zetu huniuliza swali hilohilo.

Nimeitumikia afya ya jamii miaka 22: zahanati, kituo cha afya, kisha uratibu wa huduma za afya ya uzazi na mtoto wilayani. Funzo kubwa kuliko yote nililipata kwa kosa langu mwenyewe.

Miaka ile tulihimiza wanaume waje kliniki na wake zao, hasa ili wapime VVU pamoja. Nia ilikuwa njema. Pale nilipokuwa tukaweka utaratibu: aliyekuja na mwenzi wake anahudumiwa kwanza, asiye na mwenzi alete barua ya mwenyekiti wa kijiji. Tangazo nililiandika kwa mkono wangu na kulibandika mlangoni. Asubuhi moja akaja binti, mimba ya kwanza, kajifunga khanga juu kabisa ili tumbo lisionekane. Hakuwa na barua. Nikamwambia akaifuate.

Hakurudi. Nilikuja kumwona siku ya kujifungua, ameletwa kwenye bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na shangazi yake. Uchungu ulimshika tangu alfajiri. Hana kadi, hajapimwa damu hata mara moja. Namshukuru Mungu alijifungua salama. Jioni nilipomletea uji nikamuuliza mbona hakurudi na barua. Akageukia ukutani, akasema mwenyekiti ni baba mdogo wa kijana aliyempa mimba.

Sikulala usiku ule. Nilijiona mtetezi wa wanawake, kumbe nilimwongezea binti yule mwanaume mwingine wa kumwomba ruhusa. Asubuhi nikalibandua lile tangazo. Tangu hapo, kila utaratibu unaoletwa mezani kwangu, hata ule wenye maneno mazuri ya usawa wa kijinsia, nauliza kwanza: nani atakwama mlangoni?

Jibu lake hulipati ofisini. Kitabu namba 12 cha MTUHA, mfumo wetu wa taarifa za huduma za afya, kitakuambia nani kajifungua, saa ngapi, na mtoto ana uzito gani. Hakikuambii kwa nini mama alifika kichwa cha mtoto kikiwa tayari kinaonekana. Nikaanza daftari langu pembeni, sina jina la mtu humo, ni sababu tu. "Mume yuko dago (kambi ya wavuvi), simu haipatikani." "Mama mkwe alisema bado." "Hela ya bodaboda anayo kaka." Sisi wakunga tunafundishwa kwamba mama hucheleweshwa mara tatu: kuamua, kufika, na kuhudumiwa akishafika. Huko kwa kwanza ndiko suala la jinsia lilipo, ndani ya nyumba, kwa anayeshika hela na simu. Leo tuna usafiri wa dharura wa m-mama, namba 115, uliotangazwa kwa Tanzania nzima mwaka 2022, na umetufaa sana. Lakini lazima awepo mtu ndani ya nyumba ile anayethubutu kupiga.

Tumepiga hatua, tena kubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Ninapoisikia ile 104 bado nawaona watu, siwezi kuiona namba.

Sasa fedha. Wadogo zangu wengi huogopa hapa, na mimi niliogopa. Katika daftari langu sababu moja ilijirudia: chumba cha kujifungulia hakina faragha. Vitanda viwili, katikati hakuna kitu, mlango unatazama benchi la wagonjwa wa nje. Nikaomba mapazia kwenye kikao cha bajeti. Wakacheka. Mmoja akasema mama mwenye uchungu hana muda wa kutazama pazia. Tulikuwa wanawake wawili mezani, na mwenzangu alikuwa ameitwa kuandika muhtasari. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba duniani wanawake ni kama 70 kwa kila wahudumu wa afya 100, ila kwenye ngazi za juu za uongozi ni kama 25 tu. Kikao chetu kilikuwa ndivyo hivyo.

Mwaka uliofuata nilibadili njia. Kabla ya kikao nilimfuata afisa mipango, kisha mweka hazina, mmoja mmoja, na daftari mkononi. Nikawasomea. Mweka hazina alinyamaza kidogo, akaniambia mkewe alijifungulia kwa mama yake kwa sababu hiyohiyo. Kikaoni yeye ndiye aliyelitetea pazia. Kwa hiyo usiingie na hoja ambayo hakuna aliyeisikia kabla. Tangu 2017/18 fedha nyingi za vituo zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, maana yake wewe mfawidhi ni mmoja wa wanaosaini. Jifunze kusoma bajeti mstari kwa mstari, usimwachie mhasibu peke yake. Na muhtasari uwe wa zamu. Kuandika si aibu, lakini anayeandika hapati nafasi ya kusema.

Jambo moja linaniuma hadi leo. Nilikwenda likizo ya uzazi, siku zangu 84 za kisheria, nikarudi nikakuta nafasi niliyokuwa nakaimu kapewa mwingine, na hakuna aliyeweza kunieleza sababu. Sikuwa na karatasi yoyote. Kabla ya likizo andika makabidhiano: unamwachia nani, kwa muda gani, unarudi lini. Mpe mkuu wako asaini, nakala ubaki nayo. Sasa mabinti walio chini yangu nawasainia mwenyewe, hata wasipoomba.

Kwa hiyo, mdogo wangu, Jumatatu usianze na kikao cha kujitambulisha. Fika kabla ya saa 2 asubuhi, usivae sare. Soma kila karatasi iliyobandikwa mlangoni na ukutani, moja baada ya nyingine. Kisha kaa kwenye benchi la wajawazito, mwishoni kabisa, karibu na yule aliyekuja peke yake.