Maswali ya wasomaji: kozi za mtandaoni kwa mwanafunzi anayeingia gredi ya 10

Barua za safari hii zimetoka Ontario, Kanada, ambako shule zinakusanya fomu za masomo ya mwaka ujao. Mwanafunzi aliyeanza gredi ya 9 huko mwaka wa masomo wa 2020–21 au baada ya hapo anahitaji krediti 2 za kozi za mtandaoni, miongoni mwa krediti 30 za kupata diploma ya sekondari. Krediti ni kipimo cha kozi ambayo mwanafunzi ameifaulu.

Swali: Binti yangu yuko gredi ya 9 na anataka kuwa muuguzi. Ameniomba asome hisabati ya gredi ya 10 mtandaoni wakati wa likizo ya kiangazi, apunguze mzigo wa mwaka na apate krediti ya mtandaoni papo hapo. Nimruhusu? — *Mama wa watoto watatu, Kitchener*

Jibu: Mama, mtandaoni asome, lakini somo lingine. Hisabati ya gredi ya 10 mwache aisome darasani.

Tazama saa zenyewe. Kozi ya krediti moja imepangiwa saa 110. Katika muhula wa wiki 18 hivi, hizo ni kama saa 6 kwa wiki. Ikibanwa ndani ya wiki 4 za likizo, zinakuwa saa 5 na nusu kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Akiugua homa siku 2, sehemu moja ya kumi ya kozi nzima imempita. Na hisabati inapanda ngazi kwa ngazi: ambaye hajashika milinganyo ya mstari ulionyooka atakwama kwenye milinganyo ya kwadratiki. Darasani mwalimu anaiona kalamu iliyosimama. Mtandaoni ataona kazi haijaletwa, tena siku kadhaa baadaye.

Kuna jambo kubwa zaidi ya hilo, nalo ni msimbo wa kozi. Hapa ndipo wazazi wengi wanapoteleza, kwa sababu huangalia tu "Hisabati, gredi ya 10". Chukua mfano wa MPM2D: herufi tatu za mwanzo ni somo. Tarakimu 1 ni gredi ya 9, 2 ni gredi ya 10, na kuendelea. Herufi ya mwisho ni aina ya kozi. Gredi ya 10, D ni kozi ya kinadharia, P ni ya matumizi, O iko wazi kwa wote. Gredi ya 11 na 12, U ni ya kuelekea chuo kikuu, C ni ya kolegi, M ni ya njia zote mbili.

MPM2D, hisabati ya kinadharia, inamfungulia mwanafunzi MCR3U, hisabati ya gredi ya 11, nayo ndiyo njia ya hisabati kubwa za gredi ya 12. MFM2P, hisabati ya matumizi, haifungui MCR3U. Kwenye sayansi, SNC2D ndiyo inayotangulia SBI3U ya biolojia na SCH3U ya kemia, na uuguzi wa chuo kikuu kwa kawaida unadai biolojia na kemia za U mpaka gredi ya 12, pamoja na Kiingereza ENG4U. Kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba fomu ya binti yako ina MPM2D na SNC2D. Kosa la herufi moja sasa hugunduliwa gredi ya 11, wakati wa kulirekebisha umeshakuwa finyu.

Mtandaoni tungempa CHV2O, uraia, na GLC2O, mafunzo ya kazi na maisha. Zote mbili ni za lazima, kila moja ni nusu krediti, kwa hiyo zikiungana anapata krediti moja kamili ya mtandaoni. Kazi zake ni kusoma, kutafuta taarifa, kuandika vifungu vifupi. Somo moja likimshinda wiki hii, la wiki ijayo bado analiweza. Krediti ya pili aiweke gredi ya 11, kwenye somo la kuchagua lenye maandishi mengi, mfano HSP3U, utangulizi wa saikolojia, sosholojia na anthropolojia.

Gredi ya 10 inafaa kwa jaribio hili la kwanza kwa sababu kuanguka hakugharimu sana. Kozi ya gredi ya 9 au ya 10 ambayo mwanafunzi ameiacha au hakuifaulu haiandikwi kwenye transkripti yake, yaani rekodi rasmi ya masomo yake. Gredi ya 11 na 12 mambo hubadilika: akijitoa baada ya siku 5 za masomo tangu ripoti ya katikati ya muhula, kujitoa kwake kunaandikwa pamoja na alama aliyokuwa nayo.

Akishaanza, mwekee kompyuta, si simu. Simu inatosha kusoma, lakini kazi ya kuandika kurasa mbili na mtihani wenye saa inayohesabu havifanyiki vizuri juu yake. Kama nyumbani hakuna kompyuta, uliza ofisi ya shule mapema, maana bodi nyingi za shule huazimisha. Asiiache kozi ijazie mapengo ya siku. Ipewe kipindi chake, saa moja na robo kila siku ya shule, na tarehe za kazi ziandikwe kwenye karatasi ukutani ambapo hata wewe unaziona. Kila Ijumaa mwambie akufungulie ukurasa wa alama. Ukiona kazi mbili hazina alama, mwandikieni mwalimu siku hiyohiyo. Wanaoshindwa kozi hizi mara nyingi wameanza kurudi nyuma mapema, kazi ya kwanza kubwa inapofika, wakaona aibu kusema. Asilimia 70 ya alama hutokana na kazi za muhula mzima na 30 na tathmini ya mwisho, hivyo mtihani mzuri wa mwisho hauwezi kumwokoa aliyelala kwa miezi mitatu.

Swali: Mpwa wangu, miaka 15, ametoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Shule inamfundisha Kiingereza cha wageni. Je, azianze kozi za mtandaoni sasa ili asichelewe? — *Mjomba, Ottawa*

Jibu: Asubiri, mjomba. Anachokihitaji zaidi mwaka huu ni watu wa kuzungumza nao, na kozi nyingi za mtandaoni ni za kusoma peke yako. Krediti 2 hizo anaweza kuzipata hata gredi ya 12.

Wewe uliza mambo mawili. La kwanza, amewekwa kwenye ESL au ELD? ESL ni ya mwenye elimu ya kawaida kwa lugha nyingine. ELD ni ya mtoto ambaye masomo yake yalikatizwa au alipata nafasi chache za kusoma, na huko hufundishwa pia kusoma, kuandika na kuhesabu toka msingi. La pili, mkuu wa shule amemhesabia krediti ngapi kwa masomo ya kule? Peleka ripoti zozote alizonazo, hata zilizochanika. Na msidhani muda wa ESL unapotea: hadi krediti 3 za ESL au ELD huhesabiwa kati ya 4 za lazima za Kiingereza. Ya nne lazima iwe Kiingereza cha lazima cha gredi ya 12.

Swali: Nimeona shule binafsi ya mtandaoni inayosema kozi inamalizika kwa wiki mbili, kwa malipo. Inakubalika? — *Baba, Toronto*

Jibu: Baba, hapo shika pesa yako kwanza. Kozi za mtandaoni za bodi ya shule hazina ada kwa mwanafunzi anayesoma kila siku kwenye shule za bodi. Shule binafsi inaweza kutoa krediti halali, ila tu ikiwa imeidhinishwa na Wizara ya Elimu kutoa krediti za diploma, na Wizara huchapisha orodha yake. Litafute jina lake humo, lilingane herufi kwa herufi, kisha umwandikie mkuu wa shule ya mtoto barua pepe na kupata jibu la maandishi kabla ya kulipa. Kuhusu wiki mbili, gawa saa 110 kwa siku 14: karibu saa 8 kila siku, Jumapili ikiwemo. Mtoto anayemaliza hivyo bila kuchoka hajasoma kozi nzima, na pengo litaonekana kwenye kozi inayofuata.

Swali: Je, tunaweza kuzikataa kabisa hizo krediti 2 za mtandaoni? — *Mzazi, Hamilton*

Jibu: Ndiyo. Kuna fomu ya kujiondoa kwenye sharti hili, mzazi anaijaza na kuirudisha shuleni; mwanafunzi wa miaka 18 anaijaza mwenyewe. Diploma yake haitapungua thamani, na krediti 30 zinabaki zilezile, zote darasani.