Nesting na kitenzi chetu cha kukaa

Swali la wiki hii linauliza: "Neno gani la kigeni limekusumbua zaidi kulitia katika Kiswahili, na hatimaye ulifanyaje?" Jibu langu ni nesting, neno la Kiingereza linalotokana na nest, yaani kiota. Natafsiri miongozo ya kompyuta, na kabla ya hapo nilitafsiri vijitabu vya afya na vya uhifadhi wa wanyama. Neno hili nimelikuta kote huko, na kila mahali lina kazi nyingine.

Nianze na kosa, maana ndilo lililonifunza. Katika mwongozo mmoja wa wanaoanza kuandika programu kulikuwa na sura nzima kuhusu kitanzi, yaani maagizo ambayo kompyuta huyarudia tena na tena, kinachowekwa ndani ya kitanzi kingine. Kiingereza hutumia neno hilohilo la kiota. Mimi nikaandika "vitanzi vinavyoingiliana". Sentensi ilisomeka vizuri, na mhariri naye hakuigusa. Kitabu kilipotoka, mwanafunzi mmoja akaniandikia na kuniwekea mchoro: miduara miwili iliyokatana, na pale katikati inapokutana amepatia wino. Akauliza, "Hiki kipande cha katikati kinatekelezwa na kitanzi kipi?"

Mwanafunzi yule alikuwa amesoma sawasawa kile nilichoandika. Ratiba mbili zikiingiliana, kila moja ina saa zake ambazo nyingine haina. Mipaka ya mashamba ikiingiliana, kuna kipande cha ugomvi na kuna vipande visivyo na ugomvi. Kuingiliana ni kugusana kwa sehemu tu, huku sehemu nyingine ikibaki nje. Kitanzi cha ndani hakina hata herufi moja iliyo nje ya kile cha nje, na kikiwa nayo programu haiendi. Neno nililolichagua lilimfundisha mtu kinyume cha somo.

Tuchukue mfano wa programu inayoandika kila dakika ya siku. Kitanzi cha nje kinahesabu saa, kuanzia 0 hadi 23. Ndani yake kimo kitanzi cha dakika, kuanzia 0 hadi 59. Saa inasimama kwenye 0, dakika zinakimbia zote 60 mpaka zinakwisha, ndipo saa inasogea kwenda 1, na dakika zinaanza upya. Mwisho wa siku umeandika mistari 1,440. Ukitia kitanzi cha tatu, cha sekunde, ndani ya kile cha dakika, inakuwa 86,400. Hakuna dakika inayoanzia katika saa moja ikamalizikia katika saa nyingine. Cha ndani huanza na kumalizika kabla cha nje hakijapiga hatua inayofuata, na hilo ndilo lililokuwa somo la sura ile.

Toleo la pili nilisahihisha nikaandika tu "kitanzi kilichomo ndani ya kitanzi". Ni maneno matano mahali pa mawili, lakini ile -mo inabeba kila kitu. Tuna -po ya mahali panapojulikana, -ko ya huko kusikobainishwa, na -mo ya ndani. Lugha yenye kiambishi maalumu cha kusema "ndani" haina sababu ya kwenda kuazima kiota.

Hata hivyo nilitaka kujua Waingereza walifikaje hapo, yaani waliwezaje kutoka kwa ndege wakaishia kwenye vitanzi. Jibu limo katika asili ya neno lenyewe. Nest ni neno kongwe sana, lenye ndugu zake katika Kilatini na Kisanskriti, na wanaisimu wanalirudisha kwenye mzizi wenye sehemu mbili: "chini" na "kuketi". Kwa hiyo kiota kwao, hapo mwanzo kabisa, ni mahali pa kuketi. Niliposoma hivyo nilifurahi sana, kwa sababu sisi tuna kitenzi ambacho hadi leo hakijatenganisha mambo hayo mawili. Mtu anakaa kitini, na mtu huyohuyo anakaa mtaani kwake. Kutoka humo tunapata makao, makazi, mkazi, ukaaji. Yai linakaa katika kiota, bakuli dogo linakaa ndani ya kubwa, kitanzi kinakaa ndani ya kitanzi. Tangu hapo nikikutana na nesting sianzi tena na nomino kiota. Najiuliza kwanza: nani anakaa, na anakaa ndani ya nini?

Ajabu ni kwamba hata kwa wanyama wenyewe swali hilo linasaidia. Kiingereza husema "msimu wa nesting" na kuachia hapo, lakini Kiswahili kinakudai useme ndege anafanya nini hasa. Anajenga kiota? Anataga? Anaatamia? Analisha makinda? Hizo ni kazi nne, na bango linalowaambia wageni wasikaribie mti linapaswa kutaja ile inayohusika. Kasa naye hajengi chochote cha kusuka. Anapanda ufukweni usiku, anachimba shimo kwa mapezi ya nyuma, anataga mayai yapatayo 100, anafukia, anarudi baharini. Tunasema kiota cha kasa na tunaelewana, ila "fukwe za nesting" nilizitafsiri kuwa fukwe za kutagia, kwa sababu anayekaa pale ni mayai tu, mama hayupo. Na mchanga huo ndio unaoamua jinsia ya watoto: ukiwa wa joto zaidi hutoka majike, ukiwa na ubaridi hutoka madume. Pengwini mkubwa wa Antaktika hana kiota kabisa. Dume analiweka yai juu ya nyayo zake, analifunika kwa mkunjo wa ngozi ya tumbo, na anasimama nalo miezi miwili hivi bila kula. Mwandishi wa Kiingereza aliliita hilo nesting. Mimi niliandika kuatamia, na sikuona kama nimepunguza kitu.

Kwa sokwe nilikaa nalo muda mrefu zaidi. Karibu kila jioni sokwe mtu hupanda mti, huvuta matawi na kuyakunja chini ya mwili wake, huongeza majani laini juu, kisha hulala. Kesho yake anatengeneza kingine. Vitabu vya Kiingereza vinakiita kiota, lakini hakuna yai wala kinda anayefugwa humo. Kwetu kitendo hicho kina jina zuri la kila siku: anatandika. Nilipoandika "sokwe hutandika kitanda kipya kila jioni", sentensi ilikaa.

Kisha kuna nesting ya mama mjamzito. Wiki za mwisho anaanza kupangua makabati, kufua tena nguo za mtoto ambazo zilikwisha kufuliwa, kusugua sakafu saa ambazo wenzake wamelala. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa hali hii hufikia kilele katika miezi mitatu ya mwisho, na kwamba huambatana na kutaka kuwa karibu na watu anaowaamini tu. Kwa wanyama jambo hilo linaonekana waziwazi. Sungura jike hunyofoa manyoya ya kifuani mwake akatandikia wanawe. Nguruwe, saa chache kabla ya kuzaa, hukusanya nyasi na kufukua kwa pua. Hata akiwa amefungiwa juu ya saruji tupu ataendelea kufukua pasipo na cha kufukua. Huwa inaniuma nikifikiria hilo. Katika kijitabu cha afya niliandika kwanza "hamu ya kujenga kiota". Mkunga aliyepitia rasimu akaifuta, akaandika pembeni: "hamu ya kumwandalia mtoto mahali." Alikuwa sahihi. Mtoto ndiye atakayekaa, na mahali ndipo panapoandaliwa.

Kuna matumizi ya kisheria ambayo nadhani Kiingereza chenyewe kimeyaficha. Wazazi wanapoachana, mara nyingi watoto ndio huhama na mabegi, wiki hii kwa baba, wiki ijayo kwa mama. Katika mpango unaoitwa nesting, watoto wanabaki katika nyumba ileile, na wazazi ndio wanaopishana mlangoni kwa zamu. Neno la kiota linakuambia kuna nyumba yenye joto na makinda, halikuambii nani anabeba begi. Ukiandika "malezi ya kiota" umehamisha fumbo zima pamoja na giza lake. Mimi ningeandika "wazazi kupokezana nyumba ya watoto", hata kama ni refu, kwa sababu mzazi anayesoma hati ile anatakiwa ajue kwamba anayehama ni yeye.

Mafundi wa kukata mabati na wa kukata vitambaa wana nesting yao pia, ambayo ni kupanga maumbo juu ya karatasi moja ya chuma au jora moja ili mabaki yawe machache. Humo mara nyingi hakuna kilichomo ndani ya kingine; vipande vinalala ubavu kwa ubavu, mbonyeo wa kimoja ukipokea mbinuko wa jirani. "Kubananisha vipande" kunatosha.

Wale wanasesere wa mbao wa Kirusi, matryoshka, wanaowekwa mmoja ndani ya mwingine, nawataja kwa sababu wanaonyesha sheria ambayo wanaoandika programu wanaihitaji. Seti ya kwanza ilichongwa miaka ya 1890 na Vasily Zvyozdochkin na kuchorwa na Sergey Malyutin, na ilikuwa na wanasesere 8. Ukitaka kumfikia wa ndani kabisa huna budi kuwafungua wote wa nje. Ukitaka kuwafunga unaanza na yule wa mwisho uliyemfungua. Mabano katika msimbo, yaani maandishi ya programu, ni hivyohivyo: lililofunguliwa mwisho hufungwa kwanza. Na tabaka zikizidi, anayesoma anapotea. Mwongozo wa uandishi wa msimbo wa kiini cha Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, unasema wazi kwamba ukihitaji zaidi ya ngazi 3 za kusogeza mistari ndani, rekebisha programu yako. Sentensi zetu nazo zina kikomo hicho. "Panya ambaye paka ambaye mbwa alimfukuza alimkamata alikufa" haina kosa la sarufi, lakini jaribu kuisoma kwa sauti. "Mbwa alimfukuza paka aliyemkamata panya, panya akafa" inasema yaleyale na kila mnyama yuko mahali pake.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba vitenzi vyetu vyenyewe vimejengwa hivi. Chukua kosa. Tia -ana upate kosana, halafu zungushia -isha upate kosanisha: yuko mtu wa tatu, nje, anayewafanya wawili wagombane. Sasa geuza mpangilio. Tia -esha kwanza upate kosesha, halafu zungushia -ana: koseshana. Majirani wanakoseshana usingizi. Hapa hakuna mtu wa tatu, kila mmoja anamfanyia mwenzake. Mzizi ni mmoja, viambishi ni vilevile viwili, ila kilichokuwa ndani kimekuwa nje na maana imegeuka. Hakuna aliyetufundisha darasani kwamba hiyo ni nesting, na hakuna anayekosea.

Toleo la tatu la mwongozo ule liko mezani sasa. Sura ya vitanzi nimeianza na kosanisha na koseshana, kila neno limezungushiwa visanduku vyake, kimoja ndani ya kingine, na msimbo wa saa na dakika unaanzia ukurasa unaofuata.